Taa Nyekundu Katikati ya Harusi Yangu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Habili, maana Habili akiisimulia huongeza moshi na kupunguza akili yangu: ndiyo, mimi ndiye bwana harusi aliyesimamisha harusi yake mwenyewe kwa taa nyekundu, ndani ya kanisa, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, na ndiyo, koti lililoungua lilikuwa la kuazima. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa.

Kazi yangu mnaijua, ni taa. Kila siku nazunguka yadini, kule mabehewa yanakopangwa, na ngazi na debe la mafuta, nasafisha taa za signali, nakata tambi, nabadilisha vioo vilivyopasuka, nyekundu, kijani, na kile cha rangi ya machungwa. Vile vilivyopasuka hutupwa. Mimi sikuweza kuvitupa. Nilikuwa nafunga vipande kwenye gunia naenda navyo nyumbani, na majirani wakasema Nathani ameanza kuokota takataka, mwanamke gani atamkubali huyu (walikuwa na haki, chumba changu kilikuwa na vioo vingi kuliko vyombo).

Aliyeniharibu kabisa ni Kalasinga mmoja wa karakana, fundi wa mbao na madirisha, ambaye alinifundisha kukata kioo bila kumwaga damu, na siku moja tukinywa chai akaniambia kwamba kioo ni mchanga tu, mchanga na magadi na chokaa, vikapikwa kwenye moto mkali. Magadi yale yale mama zetu wanatia kwenye mboga. Wiki nzima sikutulia. Nikaenda kwa mhunzi wa sokoni nikamwomba pembe ya moto wake, nikapika mchanga wangu siku tatu za mapumziko, na nikapata donge moja dogo kama yai la kuku, kijani chafu, nusu kioo nusu jiwe. Kalasinga akaligeuza mkononi akasema mchanga wetu una chuma ndani, na chuma ndicho kinacholeta ukijani. Nikalitia mfukoni nikatembea nalo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa hapa ndipo mnaponiona mwendawazimu, lakini nitasema. Mchanga ni kitu cha kukanyagwa na ng'ombe. Ukiutia motoni vya kutosha unapitisha nuru. Kama huo si wokovu, basi sijui kule kanisani tunahubiriwa nini. Na ukishuka upande wa Naivasha utaokota mawe meusi yanayong'aa, makali kama wembe, ukiyachonga yakawa membamba unaona jua ndani yake kama chai ya rangi. Hayo ni kioo alichopika Mungu mwenyewe ndani ya mlima, kabla ya Mzungu na kabla ya Mhindi, na hakumwajiri mtu. Nilipofahamu hayo nikaazimia, na mimi nikiazimia huwa sirudi nyuma, kwamba nitatengeneza kitu cha kioo kitakachohubiri bila kufungua mdomo.

Ilinichukua miaka miwili. Nilisokota mti wa waya za simu zilizokatwa, mrefu kunizidi, na kwenye kila tawi nikafunga kioo: kijani ndio uhai, machungwa ndio moto wa Roho, bluu ya chupa za dawa ndiyo mbingu, mawe meusi ya Naivasha ndio sisi. Donge langu nililipa tawi la chini kabisa, kwa heshima. Mti ulikuwa uning'inie kwenye dirisha la juu, nyuma ya meza ya Bwana, upande wa Bahati linakotokea jua, ili nuru ipite ndani yake ishuke ukumbini, na jua likipanda, rangi nazo zitembee sakafuni polepole kuelekea mezani. Nilihesabu mwendo wake kwa chaki Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mfagiaji wa kanisa akaanza kunichukia.

Wazee wa kanisa waligawanyika. Nusu walisema ni sanamu, nusu walisema ni taa tu, na mwisho wakaamua utundikwe kwa mara ya kwanza siku ya harusi yangu. Ukisaidia maombi, utabaki. Ukileta mchezo, utashushwa, na vioo vyangu nirudi navyo yadini.

Na harusi yenyewe ilikuwa inaning'inia kwa uzi. Nilikuwa namwoa Rispa, binti wa Mzee Shadraki, na Mzee Shadraki alikuwa mtu wa injini tangu zamani, alianza kutia kuni, zikaja enzi za makaa, sasa ni mafuta, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu, kwa sababu mtu fulani yadini aliwahi kupitisha mabehewa kwenye taa nyekundu na Mzee akawa katikati. Mzee huyu hakunitaka. Si kwa ubaya, alisema tu kwamba mtu wa miaka ishirini na sita anayelala na gunia la chupa ana jambo. Rispa alimbembeleza mwaka mzima mpaka akakubali, na siku aliyokubali aliniita akaniambia, "Nimekupa siku moja, Nathani. Ukinitia aibu mbele ya watu wa reli, binti yangu anapanda treni arudi Kisumu kwa shangazi yake, na wewe utaoa hizo chupa zako."

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, kila kitu kikiwa tayari, mti umetundikwa, chaki zimefutwa, nikafanya uamuzi mdogo. Nilikuwa na kioo kimoja nilichokiweka akiba, duara nzima ya nyekundu ya signali, imelika pembeni kidogo tu, nyekundu ile ambayo Kalasinga aliniambia inatoka kwenye shaba ikipikwa na mtu mwenye subira. Nikawaza: damu ya Mwokozi. Nikawaza: wakati naapa, nyekundu hii imwangukie Rispa kwenye gauni jeupe, watu walie. (Ukweli ni kwamba nilitaka watu waseme Nathani ni fundi. Nyinyi si mapadri, lakini nakiri.) Nikapanda ngazi nikakifunga kwenye tawi la katikati, na kando yake lensi moja nene ya taa ya mkono, ili kumeremete.

Kadi ilisema saa tatu. Lakini mimi nimehudhuria harusi, na nyinyi mmehudhuria. Mmewahi kumwona wapi bibi harusi aliyefika saa tatu ya kadi? Kuna nywele, kuna shangazi, kuna watu wamesimama mlangoni wanadai kitu ndipo wamtoe. Harusi ya saa tatu ni harusi ya saa nne, hata mbuzi anajua. Kwa hiyo nikakaza kile kioo kwa hesabu ya saa nne: saa nne kamili nyekundu itakuwa mbele ya meza, pale tutakaposimama. Nikashuka, nikapangusa mikono, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Nilisahau kwamba bibi harusi analetwa na baba yake, na baba yake hajachelewa kitu tangu azaliwe.

Saa tatu kasoro dakika tano nikiwa mbele na Habili, msimamizi wangu, nasikia kwaya inaamka. Nageuka. Mzee Shadraki yuko mlangoni, suti nyeusi, saa ya mnyororo mkononi, Rispa ameshika kiwiko chake, mweupe kuanzia kichwani, na nyuma yao wasimamizi wasichana wanahema kama waliokimbizwa (walikimbizwa, nilikuja kuambiwa, Mzee aliwapa dakika kumi za nywele na akazihesabu). Nikatazama sakafuni. Kijani kiko ukutani, bluu iko kwenye viti vya akina mama, na katikati kabisa ya njia, nusu ya safari kati ya mlango na meza, duara nyekundu, kubwa kama sinia, imetulia hapo kama imeajiriwa.

Mzee akaja kwa mwendo wa taratibu, kulia, pumzika, kushoto, pumzika. Akafika ukingoni mwa ile nyekundu. Akaitazama, akafuata mwale kwa macho mpaka dirishani, akaona kioo. Na akasimama.

Mimi nilidhani amechoka. Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza tena. Padri, Mzungu mmoja mpole aliyekuwa akija kwetu mara moja kwa miezi mitatu, akatabasamu kwa upole, akangoja. Rispa akamvuta baba yake kidogo. Hakusogea. Na hapa muelewe kanisa letu, robo tatu ya wanaume waliokuwa humo ni watu wa yadi, wa injini, wa kubadilisha njia, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Walitazama nyekundu, wakamtazama Mzee, wakatikisa vichwa kwamba yuko sawa. Nyuma hata mlangoni wageni waliokuwa wanaingia wakasimama wakapanga mstari.

"Mzee," Habili akamwambia kwa heshima, "hiyo ni rangi tu ya kanisa."

"Naijua hiyo rangi," akasema Mzee, hakupandisha sauti. "Hiyo ni ya signali. Sijawahi kuipita nikiwa na mabehewa ya mahindi, nitaipita leo nikiwa na mtoto wangu?"

Kule kwa akina mama nako kulikuwa kumeanza kingine, kwa sababu ukingo wa gauni la Rispa ulikuwa umeshika ile rangi, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba gauni limelowa damu na hiyo si dalili njema, na mnong'ono ule ulitembea kiti kwa kiti mpaka ukamfikia mama yake Rispa, ambaye akaanza kulia. Nilikuwa nimetaka watu walie. Wakalia.

Nikapiga hesabu. Nyekundu ingesogea hatua kwa hatua mpaka mezani, ingefika saa nne. Treni ya padri ilikuwa saa nne na nusu, na ibada yake haikuwahi kupungua saa nzima. Tukingoja, anaondoka, tunaonana baada ya miezi mitatu, na Rispa atakuwa Kisumu. Jasho likanitoka chini ya koti nililoazima kwa karani wa tiketi, na nikajiambia maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge.

Nikachukua ngazi iliyokuwa nyuma ya chumba cha padri, nikaiweka chini ya dirisha, nikapanda mbele ya watu wote, bwana harusi na ua kifuani, nikavua koti nikalitundika juu ya kioo chekundu. Nyekundu ikafutika sakafuni. Nikageuka nikiwa juu kule nikasema, "Baba, njia ni nyeupe. Pita."

Mzee akatazama pale palipokuwa na duara, pakiwa peusi. "Nathani," akasema, "wewe ni mtu wa taa. Signali iliyozimika inahesabiwa nini?"

Nilijua. Kila mtu wa reli humo alijua, na mmoja wa nyuma akanijibia kabisa kwamba taa iliyozimika ni sawa na nyekundu.

Nikiwa bado juu ya ngazi, Habili akaniita kwa sauti ya chini, "Nathani, mkono wa koti unatoa moshi." Sasa fikirini. Mimi niliyejifunza kioo, niliyewaeleza watu jinsi lensi inavyokusanya jua likawa nukta moja, nilikuwa nimetundika koti la kuazima mkono wake ukining'inia nyuma ya lensi nene, palepale nukta inapokusanyika. Nikalivuta kwa pupa. Koti likatoka na tundu la kupitisha kidole gumba, na mti wote ukaanza kuzunguka kwenye waya wake, na hapo, jamani, kanisa likawa yadi siku ya ukungu: nyekundu ukutani, kijani kwenye paji la padri, nyekundu kwenye kwaya, kijani mlangoni, watu wa mlangoni wanapiga hatua, wanasimama, wanapiga hatua, wanasimama, na kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Nikaushika mti kwa mikono miwili mpaka ukatulia. Ulitulia palepale ulipokuwa. Nyekundu ikarudi kwenye njia, mbele ya viatu vya Mzee.

"Nathani, shuka," padri akasema.

Nikashuka. Ningeweza kupanda tena nikakivunja kile kioo, na niliwaza hivyo, lakini vipande vingemwangukia padri, na tena nilikuwa nimechoka kupanda. Nikatembea kwenye njia nikiwa na shati tupu, kitu ambacho bwana harusi hafanyi, bwana harusi hungoja, nikaenda mpaka ng'ambo ya nyekundu nikasimama uso kwa uso na baba mkwe wangu.

"Baba," nikasema, "kanuni inasemaje signali ikiharibika, na treni inangoja?"

Nikaona jicho lake linabadilika, nadhani hakutegemea. "Mwenye taa," akasema, "atangaze kwa mdomo wake mwenyewe kwamba taa ni mbovu, watu wasikie. Halafu mtu aje na bendera ya kijani, atembee mbele, treni imfuate polepole."

Mnaona alichoniomba. Wazee wa kanisa wote walikuwa pale, wale wa sanamu na wale wa taa, na miaka yangu miwili ilikuwa inaning'inia dirishani, na nilitakiwa niseme mbele yao kwamba ni mbovu. Na haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kila nilichoihesabia, kwa dakika na kwa inchi, mbovu nilikuwa mimi. Nikageuka nikautazama mti wangu.

Rispa akasema ndani ya shela, taratibu, "Nathani, sema. Viatu vinanibana."

"Taa ni mbovu," nikasema.

"Sauti," akasema Mzee.

"Taa ni mbovu," nikasema mpaka mabati yakajibu. "Mimi Nathani mtu wa taa, nasema taa hii ni mbovu, na kosa ni langu."

Shangazi yake Rispa, mwanamke mnene asiyeogopa mtu, alikuwa ameshafungua kitambaa chake cha kichwa, kijani, chenye maua madogo, na hakuna aliyejali maua. Nikakipokea nikakiinua, nikageuka, nikatembea mbele yao, kulia, pumzika, kushoto, pumzika, nikipita juu ya damu yangu ya Mwokozi na viatu vyangu, na nyuma yangu nikasikia hatua za Mzee zinaanza. Watu wa yadi wakasimama wote. Habili anasema nilipeperusha kile kitambaa mpaka mezani na nikakataa kukirudisha, hiyo ni kweli. Niliapa nikiwa nimekishika. Padri aliwahi treni yake kwa kukimbia.

Mngedhani yaliishia hapo. Jumapili wazee wakaketi, na mmoja wa wale wa sanamu akasema hakuna haja ya mjadala, Nathani mwenyewe ametangaza ni mbovu, ishushwe. Nitapinga vipi maneno niliyoyapigia kelele? Nikawa nainuka kwenda kuchukua ngazi.

Mzee Shadraki hakuwa hata mzee wa kanisa, alikuwa ameketi nyuma na saa yake. Akasimama. "Taa mbovu haitupwi," akasema. "Inatengenezwa na mwenye taa, na inajaribiwa na yule aliyeiripoti. Aliyeripoti ni mimi."

Miezi mitatu mizima, kila Jumamosi saa tatu kamili, nilikuwa juu ya ngazi na Mzee alikuwa mlangoni. Nikasogeza, nikakaza, nikafungua. Anatembea, anasimama, anatikisa kichwa, tunangoja Jumamosi nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia hivyo kila nikishuka. Kile kioo chekundu nilikitoa, nikakipandisha juu kabisa karibu na mabati, kinaangaza boriti tu na ndege. Pale kilipokuwa nikafunga donge langu, lile la mchanga wetu na magadi, kijani chafu, na Jumamosi ya mwisho likaangusha katikati ya njia kitu hafifu kama jani la mboga. Mzee akafika hapo. Akatazama chini, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hii nayo ulitoa wapi?" akauliza.

"Nilipika mwenyewe, Baba."

Akapita mpaka mezani, akafunga saa yake, akaenda zake. Mti ukabaki.

Huu ni mwaka wa tatu. Karani wa tiketi bado analitaja koti. Nami nimeapa mambo mawili na sitayavunja: sitaweka nyekundu mahali anapopita mtu, na sitapiga hesabu ya nuru ya Mungu kwa kutegemea kwamba wenzangu watachelewa. Lakini kila Jumapili Mzee Shadraki akiingia, akiwa amemshika mjukuu wake mkono kwa vile vidole vitatu, hufika katikati ya njia akapunguza mwendo, akainua macho dirishani kwanza. Mimi huko kwenye kiti changu mkono huingia mfukoni wenyewe kushika kile kitambaa cha shangazi, mpaka nione wamepita.